Kompyuta ya Mezani Haiwaki: Maswali Yenu na Majibu ya Mafundi

Barua nyingi za toleo hili zinalia na jambo moja: kompyuta imekataa kuwaka. Kabla hatujajibu, tunaomba kila msomaji atofautishe hali tatu. Ya kwanza ni kimya kabisa: unabonyeza kitufe, hakuna taa wala feni. Ya pili, mashine inashtuka, feni zinazunguka kidogo, kisha inazima. Ya tatu, kila kitu kinazunguka ila skrini imebaki nyeusi. Kila hali ina njia yake ya kutafuta ubovu. Fundi anayeambiwa tu "haiwaki" hubaki kubahatisha, na kubahatisha huishia kwenye kununua kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Swali: Fundi, habari za kazi. Jana nilizima kompyuta vizuri tu, leo nabonyeza kitufe, kimya. Hakuna taa, hakuna feni. Jirani kaniambia mazabodi imekufa. Ni kweli?

Jibu: Nzuri, karibu. Mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote ndani ya kompyuta, huwa ya mwisho kulaumiwa. Mashine ikiwa kimya kabisa, mara nyingi umeme umekatika mahali fulani kati ya ukuta na mazabodi, nawe unaufuata kuanzia ukutani kwenda ndani.

Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikifanya kazi, soketi ni nzima. Halafu ondoa ekstensheni na UPS (boksi la betri la kushikilia umeme unapokatika), uchomeke kebo ya kompyuta moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyingi zina kikatio kinachoweza kuruka bila mtu kugundua, na UPS yenye betri iliyochoka inaweza kukataa kutoa umeme ilhali taa yake inawaka. Kebo nayo ibadilishe. Ile ya monita mara nyingi ina kichwa kilekile cha matundu matatu, kwa hiyo huhitaji kutafuta nyingine. Kama plagi yako ina fyuzi ndani, itoe uipime. Kichwa cha kebo kisukume nyuma ya kompyuta mpaka kigote, maana kikilegea milimita chache tu umeme haupiti.

Nyuma ya pawa saplai, boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, kuna swichi yenye alama za I na O. Upande wa I ndio wa kuwasha. Mtu akifuta vumbi nyuma ya meza huigusa bila kujua. Pawa saplai za zamani zina swichi nyingine ndogo, mara nyingi nyekundu, ya kuchagua volti 115 au 230. Hiyo usiichezee kabisa. Ikiwekwa 115 mahali penye umeme wa volti 230, fyuzi ya ndani hulipuka papo hapo na kuondoka na vifaa vingine. Ikiwekwa 230 mahali penye umeme wa 115, kwa kawaida haiharibu kitu, ila mashine haitawaka.

Kisha toa chaji iliyobaki. Chomoa kebo ya umeme, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, subiri dakika tano, rudisha kebo, ujaribu. Watu huidharau hatua hii, lakini ina sababu. Pawa saplai ikihisi shoti au umeme uliopanda ghafla, hujifunga yenyewe, na kufuli hilo halifunguki mpaka chaji yote iishe. Kama jana usiku umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, huenda tiba ikawa hii peke yake.

Ikigoma bado, fungua ubavu wa kasha huku kebo ya umeme ikiwa imechomekwa na swichi ya nyuma iko kwenye I. Mazabodi nyingi zina taa ndogo inayowaka muda wote umeme unapofika, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ikiwaka, ujue umeme huo wa kusubiri (stendibai) upo, na mshukiwa wa kwanza sasa ni kitufe chenyewe. Tafuta kwenye kona ya chini ya mazabodi pale nyaya nyembamba za mbele ya kasha zinapoingia. Pini mbili zimeandikwa PWR_SW, PWRBTN au POWER SW. Chomoa waya wake, kisha ziguse pini hizo mbili kwa pamoja na ncha ya bisibisi bapa, mguso wa nusu sekunde tu. Volti iliyopo hapo haizidi 5, haiwezi kukudhuru, ila hakikisha hugusi pini za jirani. Kompyuta ikiwaka, ubovu ni kitufe au waya wake. Wakati unatafuta kitufe kingine, chomeka waya wa RESET SW kwenye pini hizo, nawe utakuwa ukiwasha kompyuta kwa kitufe cha reset. Waya wa kitufe hauna chanya wala hasi, uchomeke upande wowote.

Isipowaka hata kwa bisibisi, au kama ile taa ya mazabodi imezimika, kazi inahamia kwenye pawa saplai. Tumeieleza kwa urefu kwenye jibu linalofuata.

Swali: Wakuu, nimeona watu wanapima pawa saplai kwa klipu ya karatasi. Nimefanya hivyo, feni ya pawa saplai ikazunguka, lakini kompyuta bado haiwaki. Kwa hiyo pawa saplai ni nzima na mazabodi ndiyo mbovu?

Jibu: Bado huwezi kusema hivyo. Klipu inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba pawa saplai inaitikia amri ya kuwaka. Haikuambii kama volti zake ziko sawa, wala kama itahimili mzigo.

Tuanze na namna ya kuifanya kwa usalama, kwa faida ya wengine. Chomoa kebo ya ukutani. Ondoa nyaya zote za pawa saplai kwenye mazabodi, kadi ya picha na diski. Chukua kile kichwa kikubwa cha pini 24. Kina safu mbili za pini 12, na upande mmoja kuna kishikio cha plastiki. Kwenye safu ya upande wa kishikio, anza kuhesabu kutoka mwisho wenye waya wa chungwa: chungwa, bluu, nyeusi, kijani. Huo wa nne, wa kijani, ndio waya wa amri ya kuwaka. Pawa saplai nyingi za sasa zina nyaya nyeusi tupu, ndiyo maana tunahimiza kuhesabu; kwa hizo, mwisho wa kuanzia uutafute kwenye mchoro wa pini. Hesabu mara mbili. Ingiza klipu kati ya tundu la kijani na tundu la nyeusi lililo jirani yake, kisha ndipo urudishe umeme wa ukutani. Ukimaliza, kata umeme kwanza, halafu utoe klipu.

Feni isipozunguka, usiharakishe kuitupa. Baadhi ya pawa saplai huiacha feni imesimama mpaka joto lipande. Unganisha feni nyingine ya volti 12 kwenye moja ya vichwa vya diski, au pima waya wa njano kwa multimita (kipimo cha umeme).

Multimita ndiyo itakayokata mzizi wa fitina. Iweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wowote, ncha nyekundu kwenye rangi unayopima. Waya wa zambarau ni wa stendibai: unatakiwa kutoa kati ya volti 4.75 na 5.25 hata kabla ya kuweka klipu, mradi kebo ya ukutani imechomekwa. Ukikosa volti hapo, pawa saplai imekufa na mazabodi haina kosa. Ukishaweka klipu, njano iwe kati ya 11.40 na 12.60, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Viwango hivyo ni asilimia 5 juu au chini ya volti 12, 5 na 3.3, na ndivyo kanuni ya ATX, kiwango cha pawa saplai za kompyuta za mezani, inavyotaka. Usisahau waya wa kijivu. Huo ni wa pawa saplai kuiambia mazabodi kwamba volti zimetulia, na unapaswa kupanda hadi karibu na volti 5 ndani ya nusu sekunde baada ya kuwaka. Kijivu kikibaki sifuri, feni zinaweza kuzunguka vizuri kabisa na kompyuta isianze, kwa sababu mazabodi inaishikilia prosesa (ubongo wa kompyuta) isianze kazi mpaka ipate ishara hiyo.

Sasa kipimo kinachotenganisha pawa saplai na mazabodi. Rudisha kichwa cha pini 24 kwenye mazabodi na kichwa cha umeme wa prosesa mahali pake. Ingiza ncha nyekundu ya multimita kwa nyuma ya kichwa, upande nyaya zinapoingilia, mpaka iguse chuma cha waya wa kijani. Kompyuta ikiwa imezimwa utasoma karibu volti 5, kwenye baadhi ya mashine karibu 3.3. Mwambie mtu abonyeze kitufe. Volti ikishuka hadi karibu sifuri ikabaki hapo, mazabodi imetoa amri, na kama hakuna kinachowaka, pawa saplai ni mbovu au kuna shoti inayoifanya ijifunge. Volti isiposhuka kabisa, amri haikutoka: ni kitufe, waya wake, au mazabodi yenyewe. Ukishakijaribu kitufe kwa bisibisi kama tulivyoeleza juu, jibu linabaki moja: mazabodi.

Kwa kisa chako, anza na kijivu na njano. Volti zote zikiwa sawa, bado jaribu pawa saplai nyingine kabla ya kuihukumu mazabodi, kwani iliyochoka huweza kutoa 12 kamili ikiwa haina mzigo, ikaporomoka mara prosesa inapoanza kuvuta umeme.

Swali: Shikamoo fundi. Nikibonyeza kitufe feni zinashtuka, zinazunguka kama sekunde moja, kisha zinasimama. Nikibonyeza tena haifanyi lolote mpaka nichomoe kebo ya ukutani.

Jibu: Marahaba. Kule kulazimika kuchomoa kebo ndiko kunakotupa jibu. Pawa saplai imeona shoti au mzigo uliozidi, ikajifunga kujilinda. Ubovu mara nyingi uko kwenye kitu inacholisha.

Njia ni kupunguza. Chomoa kila kitu kilichounganishwa nje: kibodi, mausi, printa, flashi. Chungulia matundu ya USB kwa tochi. Ulimi wa plastiki ukivunjika, vijichuma vyake hupinda na kugusana, na kompyuta nzima hugoma kwa sababu ya tundu moja. Kisha ndani: toa kadi ya picha, chomoa umeme na kebo za data za diski zote, ondoa nyaya za USB na sauti za mbele ya kasha. Baki na mazabodi, prosesa na feni yake, na kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda). Kila unapochomeka au kuchomoa kitu, umeme wa ukutani uwe umekatwa. Ikiwaka sasa, rudisha kimoja kimoja. Kitakachoizima ndicho kibovu.

Ikiendelea kujifunga na vitu hivyo vichache, itoe mazabodi nje ya kasha uiweke juu ya kadibodi kavu, kisha uwashe kwa bisibisi. Ikiwaka juu ya kadibodi, tatizo lilikuwa chuma cha kasha: skrubu iliyodondoka nyuma ya mazabodi, au kijiguzo cha shaba kilichofungwa mahali ambapo mazabodi haina tundu, kikawa kinagusa njia za umeme kwa chini. Ikigoma hata hapo, chomoa pawa saplai, weka multimita kwenye ohmu, upime kwenye tundu la umeme wa prosesa lililoko juu ya mazabodi, kati ya pini za volti 12 na pini za nyeusi. Ukisoma chini ya ohmu moja au mbili, transista za kulisha prosesa zimepiga shoti. Hilo ni la fundi mwenye vifaa vya kuchomelea, au la kubadili mazabodi. Na tafadhali usijaribu kuilazimisha iwake kwa pawa saplai yenye nguvu zaidi. Transista hizo zinaweza kuipitishia prosesa volti 12 moja kwa moja, wakati yenyewe inatumia volti moja na kidogo.

Swali: Yangu inawaka vizuri, inafika hata kwenye nembo ya kampuni, kisha baada ya sekunde nne au tano inazima. Inarudia hivyo kila mara.

Jibu: Sekunde nne au tano, kila mara bila kubadilika? Angalia kitufe cha kuwasha kabla ya kingine chochote. Kompyuta imepangwa kuzima kwa nguvu kitufe kikishikiliwa kwa takriban sekunde nne, na kitufe kilichonasa ndani kwa uchafu au springi iliyochoka hufanya kazi ileile ya kidole. Chomoa waya wa PWR_SW kwenye mazabodi, washa kwa bisibisi, uiache. Isipozima, umemaliza.

Ikizima bado, angalia feni ya prosesa kama inazunguka na kama chuma cha kupozea kimekaa sawa pande zote nne. Prosesa isiyopozwa hupanda joto ndani ya sekunde chache na mashine hujizima isiungue.

Swali: Kompyuta yangu ina miaka mingi. Asubuhi inakataa kuwaka mpaka niiache kwenye umeme kwa nusu saa, au nibonyeze mara kumi na zaidi. Ikishawaka inafanya kazi siku nzima bila tatizo. Nimeshabadilisha betri ya mazabodi, wapi!

Jibu: Betri haihusiki hapa. Dalili hii mafundi wanaijua vizuri: kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji) za sehemu ya stendibai ndani ya pawa saplai zimekauka.

Kapasita hizi zina maji maalumu ndani, na kwa miaka ya joto maji hayo hupungua. Sehemu ya stendibai hufanya kazi muda wote kebo ikiwa ukutani, hata usiku kompyuta ikiwa imezimwa, na feni haizunguki kuipoza. Kwa hiyo ndiyo inayochoka mapema. Kapasita iliyokauka ikiwa baridi haiwezi kutuliza volti. Ikipata joto kidogo hujikongoja, mashine ikawaka. Ndiyo maana nusu saa ya kukaa kwenye umeme inasaidia. Pima waya wa zambarau asubuhi kabla ya kubonyeza kitufe: ukikuta uko chini ya 4.75, au unapanda na kushuka, umethibitisha. Multimita ya kawaida inaweza kuonyesha 5 kamili hata kapasita zikiwa zimechoka, kwa sababu haioni mtikisiko wa haraka, kwa hiyo usomaji mzuri haufuti dalili uliyoieleza.

Kagua na mazabodi pia. Kapasita za umbo la mkebe zina mistari iliyochongwa juu kama msalaba au herufi K. Nzima huwa bapa juu. Iliyovimba, iliyopasuka kwenye mistari, au yenye ukoko wa kahawia shingoni imekwisha. Mashine zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliugua sana ugonjwa huu, kwa sababu kapasita nyingi za kipindi hicho zilitiwa maji yasiyo na viungo sahihi.

Badilisha pawa saplai sasa, ukiwa bado una nafasi ya kuchagua. Stendibai inayoyumba inaweza siku moja kupandisha volti badala ya kuzishusha, na hapo itaondoka na mazabodi. Nakili data zako muhimu leo.

Swali: Nimeunda kompyuta yangu ya kwanza. Feni zote zinazunguka, taa za rangi zinawaka, lakini skrini inasema hakuna ishara. Nimekagua kila kitu mara tatu. Nimekosea wapi?

Jibu: Hongera kwa kuijenga, na usikate tamaa. Feni na taa za rangi hulishwa moja kwa moja na volti 12 na 5, kwa hiyo zinaweza kuwaka hata prosesa ikiwa haijaanza kazi. Kagua kwa mpangilio huu.

Kebo ya picha. Kama una kadi ya picha, chomeka kebo ya monita kwenye kadi, ile sehemu ya chini nyuma ya kasha. Iliyoko juu karibu na USB ni ya mazabodi, na kama prosesa yako haina sehemu ya picha ndani yake, tundu hilo halitatoa kitu kamwe.

Umeme wa prosesa. Juu kushoto mwa mazabodi nyingi kuna tundu la pini 8, au 4 kwa mashine ndogo. Watu wengi hulisahau kwa sababu lile la pini 24 peke yake linatosha kuzungusha feni. Kichwa chake hugawanyika nne kwa nne na mara nyingi kimeandikwa CPU. Kile kinachogawanyika sita kwa mbili, kilichoandikwa PCIe, ni cha kadi ya picha. Usikilazimishe pale. Chanya na hasi zake zimepangwa kinyume, na plastiki ya pini zake imeumbwa tofauti makusudi ili isiingie. Kadi ya picha nayo ikiwa na tundu la umeme, lijaze lote.

RAM. Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pengine popote. Weka kijiti kimoja tu, kwenye nafasi ya pili kutoka kwa prosesa, ambayo kwenye mazabodi nyingi za nafasi nne ndiyo A2. Sukuma pande zote mbili kwa dole gumba mpaka usikie kimebofya na kishikio kimejifunga. Nguvu inayotakiwa inatisha kwa mgeni wa kazi, ndiyo maana vijiti vingi huachwa nusu. Kitazame kwa ubavu: mstari wa shaba ukiwa bado unaonekana kwa usawa mdogo ni sawa, ukionekana upande mmoja tu kijiti kimepinda.

Subira. Kama RAM yako ni DDR5, mara ya kwanza mazabodi huipima na kuizoea, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Aliyezoea mashine za zamani huzima baada ya sekunde 30, na kazi inaanza upya kila akiwasha. Ipe dakika 15 bila kuigusa.

Mazabodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo ukingoni zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha) na BOOT (diski ya kuanzia). Itakayobaki inawaka ndiyo sehemu iliyokwama. Ukikosa taa hizo, nunua kispika kidogo cha pini nne, ukichomeke palipoandikwa SPEAKER, usikilize milio yake, kisha uilinganishe na kitabu cha mazabodi yako. Milio hutofautiana kwa mtengenezaji, usitumie orodha ya mazabodi nyingine. Taa ya CPU ikigoma kuzima na umeme wake umechomekwa, tazama kwenye tovuti ya mtengenezaji kama toleo la BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) ulilonalo linaitambua prosesa yako. Mazabodi iliyokaa ghalani kabla prosesa hiyo haijatoka itahitaji kusasishwa kwanza.

Swali: Nilibadilisha pawa saplai ya nyaya zinazochomoka. Ili nisihangaike nikaacha nyaya za zamani ndani ya kasha, nikachomeka upande mmoja kwenye pawa saplai mpya. Ziliingia vizuri. Sasa diski haionekani na kuna harufu.

Jibu: Pole sana. Usiwashe tena. Kanuni ya ATX inapanga pini za upande wa mazabodi na diski tu. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga anavyotaka, na hata kampuni moja hubadilisha toka modeli moja hadi nyingine. Kichwa kinaweza kuingia bila shida yoyote huku volti 12 ikienda palipotakiwa 5. Ondoa nyaya zote za zamani, weka zilizokuja na pawa saplai mpya, na uache diski ile nje wakati wa kujaribu kompyuta. Kama ni diski ya kuzunguka na data zake ni muhimu, mpelekee fundi wa kurejesha data ukiwa umemweleza wazi kilichotokea. Diski nyingi zina kinga ndogo ya volti inayoungua badala ya saketi nzima, na akijua pa kuangalia kazi huwa rahisi.

Swali: Radi ilipiga, nikasikia mlio "paa!" kwenye pawa saplai. Je, naweza kufungua nikabadilisha fyuzi ya ndani?

Jibu: Usiifungue. Ndani kuna kapasita kubwa inayochajiwa hadi zaidi ya volti 300, na inaweza kuishikilia chaji hiyo muda mrefu baada ya kuchomoa kebo. Inaua. Isitoshe, fyuzi ile haikatiki yenyewe bila sababu. Inakatika kwa kuwa transista zinazoifuata zimepiga shoti, ukiweka mpya italipuka sekunde utakayowasha.

Weka pawa saplai nyingine, lakini jaribu mazabodi bila diski kwanza. Radi mara nyingi huingilia pia kwenye kebo ya mtandao, kwa hiyo kompyuta ikiwaka na mtandao ukakataa, usishangae. Tundu la mtandao likiwa limeungua, kadi ya mtandao ya USB inatosha.

Swali: Ofisini tuna kompyuta ndogo ya chapa. Pawa saplai imekufa, nimeleta ya kawaida ya pini 24 lakini mazabodi ina tundu la pini 6 tu. Je, nikate nyaya niunganishe?

Jibu: Usikate. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell, HP na Lenovo zinatumia mfumo wao: pawa saplai hutoa volti 12 peke yake, na mazabodi ndiyo inayotengeneza 5 na 3.3 kwa ajili ya diski. Kile kipimo cha klipu pia hakifai hapo, kwa sababu rangi na mpangilio wa nyaya si ule wa ATX.

Kabla ya kuagiza, hakikisha kweli imekufa. Modeli nyingi za Dell OptiPlex zina kitufe kidogo na taa nyuma kwenye pawa saplai yenyewe. Chomeka kebo ya ukutani, bonyeza kitufe hicho. Taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai inatoa umeme. Isipowaka, chomoa vichwa vyake vyote kwenye mazabodi na diski, ubonyeze tena. Ikiwaka sasa, kuna kitu ndani kinachopiga shoti, na utaratibu wa kupunguza tulioueleza juu ndio wa kufuata. Taa ya kitufe cha mbele ikimeta rangi ya kaharabu, hesabu inameta mara ngapi kabla ya kutulia, kisha tafuta maana yake kwenye kitabu cha modeli hiyo hiyo, kwani hutofautiana.

Ikiwa imekufa kweli, piga picha lebo ya ubavuni yote. Unapoagiza, kinacholinganishwa ni nambari ya kifaa iliyoandikwa P/N, wati zisizopungua za mwanzo, idadi ya pini za kila kichwa na vipimo vya boksi, kwa sababu hata pawa saplai mbili za chapa moja zenye wati sawa huweza kukataana kwa nafasi ya skrubu.